Noti za Kale za Benki za Kiingereza Barani Asia: Jinsi ya Kuzisoma, Kuzikagua na Kuziuza

Swali linaloulizwa sana kuhusu noti za kale ni "hii bei gani?", na huulizwa chini ya picha iliyopigwa gizani, upande mmoja tu, noti ikiwa imekunjwa kona. Hakuna mtu mkweli anayeweza kulijibu. Uzee peke yake hauipi noti thamani. Zipo za miaka ya 1940 ambazo hazikununulii hata sahani ya pilau, na zipo nyingine za umri huohuo ambazo wanunuzi wa London na Hong Kong hupandishiana bei mnadani.

Tofauti inatokana na jambo moja. Noti ya benki ilikuwa hati ya deni. Benki iliahidi kumlipa aliyeishika, na aliporudi dirishani alilipwa, kisha noti ikatobolewa au kuchomwa moto. Iliyobaki hadi leo ni deni ambalo mwenyewe hakulidai, kwa sababu alikufa, alikimbia vita, aliisahau kwenye kitabu, au kiwango kilikuwa kidogo mno asijisumbue. Noti ya kiwango kikubwa ilirudi benki karibu kila mara, ndiyo maana ni adimu. Kwa hiyo unapoishika noti uliza: nani aliahidi, aliahidi wapi, na kwa nini mdai hakurudi?

Msomaji wa Mombasa, Unguja au Muscat ana sababu ya kulijua hili. Rupia ya India ilikuwa fedha ya pwani yetu kabla ya shilingi kuingia, Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na Unguja mwaka 1936, na kule Ghuba iliendelea kutumika hadi miaka ya 1960. National Bank of India, iliyoanzishwa Calcutta mwaka 1863, ilifungua tawi Zanzibar mwaka 1892 na Mombasa mwaka 1896. Karatasi hizi zilisafiri na wafanyabiashara na mabaharia, na bado zinaibuka kwenye masanduku ya marehemu.

Kabla ya lolote: usiisafishe

Usiifue, usiipige pasi, usiibandike selotepu, na tafadhali usiipeleke steshenari ikalaminishwe. Noti iliyolaminishwa imekwisha, kwa sababu plastiki ile hushikana na karatasi kwa moto na haitoki tena. Selotepu nayo huacha gundi inayogeuka kahawia na kuuma wino. Mnunuzi anayejua kazi yake hupendelea noti chafu yenye mikunjo yake ya asili kuliko iliyooshwa ikawa laini kama kitambaa. Osha mikono, ikauke, shika noti kwa kingo zake, na uiweke juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha.

Hatua ya 1: Soma jina la aliyeahidi

Tafuta mstari wenye maneno PROMISES TO PAY THE BEARER ON DEMAND. Jina linalotangulia maneno hayo ndilo la mdaiwa, na kwa Asia ya wakati wa Waingereza utakutana na makundi matatu: benki binafsi, serikali ya koloni, na mvamizi.

Benki binafsi ndizo zenye hadithi tamu, hivyo nitakaa hapa kidogo.

Mkubwa wa mwanzo alikuwa Oriental Bank Corporation. Ilizaliwa Bombay mwaka 1842 kwa jina la Bank of Western India, ikahamishia makao London, na mwaka 1845 ikawa benki ya kwanza kufungua Hong Kong, ambako noti zake ndizo zilizotangulia nyingine zote. Ilitapakaa kutoka Ceylon (Sri Lanka ya leo) hadi China, na ikakopesha sana mashamba ya kahawa ya Ceylon. Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani, huuhuu wanaoujua wakulima wa Kilimanjaro na Kagera, ulionekana kwenye kahawa ya kisiwa kile. Ndani ya miaka kumi na mitano mashamba yalikuwa taabani na mikopo haikulipika, na Mei 1884 benki ikafunga milango. Noti nyingi zilizotumika Ceylon zilikuwa zake. Gavana Arthur Gordon alilazimika kutangaza kwamba serikali inazidhamini noti hizo, uamuzi aliouchukua bila kusubiri ruhusa ya London, kisha koloni likaanza kutoa noti zake lenyewe. Kwa mkusanyaji maana yake ni hii: kwa sababu serikali ilidhamini, watu walizirudisha zikalipwa. Kufilisika kwa benki hakukuacha marundo ya noti zisizo na mwenyewe kama mtu angedhani, na noti ya Oriental Bank iliyotumika kweli sokoni ni mali ya kutafuta kwa tochi.

Wa pili ni Chartered Bank of India, Australia and China. Ilipata hati ya Malkia Victoria mwaka 1853, na mwanzilishi wake alikuwa Mskoti James Wilson, yuleyule aliyeanzisha gazeti la The Economist. Wilson alipelekwa India mwaka 1859 kushika mambo ya fedha, akapendekeza kodi ya mapato na noti za serikali, na akafa kwa ugonjwa wa kuhara damu Calcutta mwaka 1860. Sheria iliyotokana na pendekezo lake ilipita mwaka 1861 na kuzinyang'anya benki zote haki ya kutoa noti India. Ndiyo kusema mwanzilishi wa Chartered ndiye aliyefunga mlango ambao benki yake ingeupitia. Kwa hiyo noti za Chartered utazikuta zimetoka Hong Kong, Singapore, Penang, Shanghai na miji mingine ya mashariki. Ukiuziwa "noti ya rupia ya Chartered Bank ya Bombay ya mwaka 1900", funga pochi yako. Benki hii iliungana na Standard Bank mwaka 1969, na ndiyo Standard Chartered inayojulikana leo Nairobi na Dar es Salaam.

Wa tatu ni Hongkong and Shanghai Banking Corporation, iliyofunguliwa Machi 1865 Hong Kong kwa mpango wa Thomas Sutherland, Mskoti mwingine, aliyekuwa mtu wa kampuni ya meli ya P&O. Mwaka uliofuata kampuni ya fedha ya Overend Gurney iliporomoka London na kuzivuta benki kadhaa za biashara ya Asia. Hii changa ikanusurika. Mwaka 1872 Hong Kong ilikuwa na uhaba wa chenji, serikali ikairuhusu benki hii kutoa noti ya dola 1. Iliendelea nayo hadi 1935, serikali ilipochukua yenyewe utoaji wa noti ya dola 1. Ndiyo maana noti ndogo ya benki hii bado hupatikana kwa bei ambayo mshahara wa kawaida unaimudu: ilichapishwa kwa wingi, na wengi hawakuona haja ya kuirudisha.

Mercantile Bank ndiyo mdogo wa familia. Ilianzia Bombay mwaka 1853, ikabadili jina mara kadhaa, ikanunuliwa na Hongkong and Shanghai mwaka 1959, na noti zake za mwisho za Hong Kong ni za dola 100 zenye tarehe ya 1974. Wakusanyaji wanaitafuta kuliko wenzake kwa sababu ilitoa kidogo.

Kundi la serikali ni rahisi zaidi: Government of India tangu miaka ya 1860, Reserve Bank of India iliyofunguliwa 1935 na kutoa noti zake za kwanza 1938, Straits Settlements (koloni la Singapore, Penang na Malacca) ambazo noti zake zina tarehe kuanzia 1898, kisha Malaya, Ceylon na Burma. Ndugu wa karibu wa ukoo huu ni noti za rupia za Serikali ya Zanzibar zilizotoka 1908, zenye jahazi kona moja na wachuma karafuu kona nyingine, zikakomeshwa 1936. Ukiwa nayo halisi, acha kusoma makala haya kwanza, kaifungie kabatini.

Kundi la tatu ni la Wajapani. Noti zenye maneno THE JAPANESE GOVERNMENT zilizotumika Malaya na Singapore kati ya 1942 na 1945, ile ya dola 10 ikiwa na migomba, ndizo zinazowadanganya watu zaidi. Zilichapishwa bila kipimo, na vita vilipokwisha zikawa karatasi tupu. Za mwanzo zina namba kamili na zina thamani kiasi. Za baadaye zina herufi tu, na hizo huuzwa kwa mafungu.

Hatua ya 2: Soma mji

Wengi huruka hapa, na hapa ndipo fedha ilipo. Ahadi ilifungamana na tawi. Noti ya Shanghai ililipwa Shanghai, na ukiipeleka mji mwingine ulikatwa sehemu ya fedha. Benki zilifanya hivyo kwa sababu dola ya mji mmoja na ya mwingine hazikuwa sawa kwa uzito na ubora wa madini ya fedha, na matawi mengine yalitoa noti zinazohesabiwa kwa tael, ambacho ni kipimo cha uzito. Kwa hiyo mchoro uleule wa Hongkong and Shanghai Bank unaweza kuwa wa kawaida ukiwa umeandikwa Shanghai, na ukawa wa kugombaniwa ukiwa umeandikwa jina la tawi dogo la pwani ya China. Bangkok nayo iangalie vizuri: benki hii ilifungua huko mwaka 1888 na mwaka uliofuata ikatoa noti za kwanza za benki nchini Siam (Thailand ya leo), miaka 13 kabla serikali ya Siam haijatoa za kwake.

India ilikuwa na utaratibu kama huo. Nchi iligawanywa katika kanda, na noti ililipwa katika kanda yake tu. Kikwazo hicho kiliondolewa polepole, kuanzia noti ya rupia 5 mwaka 1903 hadi ya rupia 100 mwaka 1911, lakini majina ya miji yaliendelea kuonekana. Kwenye noti ya rupia 100 yenye picha ya Mfalme George V tafuta jina la mji: Calcutta na Bombay ni nyingi, Karachi na Rangoon ni chache zaidi. Picha ukituma, hakikisha neno hilo linasomeka.

Hatua ya 3: Tarehe, namba na sahihi

Andika pembeni tarehe nzima, herufi na namba zote, na majina ya waliosaini kama yanasomeka. Tarehe iliyo kwenye noti huwa si lazima iwe siku ilipotoka, ila ndiyo inayotumika kuitafuta kwenye katalogi, yaani kitabu cha orodha ya noti.

Namba inaweza kubeba hadithi nzima. Hong Kong ilipotekwa Siku ya Krismasi 1941, Hongkong and Shanghai Bank ilikuwa na akiba ya noti ambazo hazijasainiwa. Wajapani waliwaweka maofisa wa benki kwenye hoteli duni na kuwatembeza kila siku hadi ofisini, wakawalazimisha kuzisaini. Noti zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100 zikaingia sokoni kwa namna hiyo, bila dhamana yoyote nyuma yake. Mkuu wa benki, Vandeleur Grayburn, alifia gerezani Stanley mwaka 1943. Mtaani watu walizijua kwa namba, wakazikubali kwa bei ya chini kuliko noti za kabla ya vita. Mwaka 1946 benki na serikali zikakubaliana kuzilipa kama noti nyingine, na waliokuwa wamezinunua kwa bei ya kutupa wakatajirika. Leo makundi ya namba hizo yamo kwenye katalogi. Mwenye noti ya dola 50, 100 au 500 ya benki hiyo ya kabla ya vita alinganishe namba kwanza ndipo aongee bei.

Namba zote zikiwa sifuri, pamoja na neno SPECIMEN na matundu kwenye sahihi, una kielelezo cha mchapishaji, si noti iliyotumika. Vielelezo vya Thomas De La Rue, Waterlow na Bradbury Wilkinson vina soko lake, na vingine hushinda noti zenyewe.

Hatua ya 4: Karatasi na wino

Vifaa vitatu vinatosha: kioo cha kukuzia mara 10, tochi, na ile taa ya bluu ya kukagulia noti bandia iliyoko kwenye kila duka la jumla.

Anza na kioo. Mistari ya kivuli kwenye uso wa mfalme au kwenye nakshi za pembeni iwe mistari kweli, mirefu, isiyokatika. Ukiona vidoto vidogo vya rangi tatu au nne vilivyopangana, umeshika kazi ya printa ya ofisini. Kwenye noti zilizochapwa kwa sahani iliyochongwa, ukipitisha ukucha taratibu juu ya jina la benki unasikia mkwaruzo. Noti iliyotumika sana hupoteza mkwaruzo huo, kwa hiyo usihukumu kwa hilo pekee.

Kisha tochi kutoka nyuma. Alama ya maji halisi imo ndani ya karatasi, ina sehemu nene na nyembamba, na mpito wake ni laini. Ya bandia huchapwa juu kwa wino wa kijivu au mafuta, na huonekana hata bila mwanga. Noti za India ni mwalimu mzuri hapa: uzi wa usalama uliingizwa mwaka 1944, hivyo noti ya George V yenye uzi ni kichekesho.

Mwisho ni taa ya bluu, na kwangu hiki ndicho kipimo kinachookoa fedha nyingi kwa muda mfupi. Karatasi nyingi za kisasa zina dawa ya kung'arisha, ambayo ilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Chini ya taa hiyo hung'aa kama shati jeupe la disko. Karatasi ya noti ya 1910 au 1930, iliyotengenezwa kwa pamba na kitani, hubaki butu, rangi ya maziwa yaliyochacha. Noti "ya 1890" ikiwaka, basi ama ni bandia, ama kuna mtu aliifua kwa sabuni ya unga, na yote mawili ni habari mbaya.

Sahihi za mkono nazo zikague. Wino wa zamani wenye chuma hugeuka kahawia, huzama kwenye karatasi, na mara nyingi unauona kwa mbali upande wa nyuma. Sahihi nyeusi tii inayokaa juu ya karatasi kwenye noti ya karne ya 19 itiliwe shaka.

Hatua ya 5: Kovu lipi ni la kawaida

Noti nyingi za India za zamani zimekatwa katikati na kuunganishwa tena. Usishtuke. Wafanyabiashara walizikata vipande viwili na kutuma kila kipande kwa barua yake, cha pili kikisubiri habari kwamba cha kwanza kimefika salama. Namba iliandikwa kwenye nusu zote mbili, kwa hiyo hakikisha nusu mbili zina namba moja. Zilizounganishwa vibaya, nusu za noti mbili tofauti, zipo na huuzwa kwa wasioangalia.

Vitundu vya pini upande wa kushoto pia ni vya kawaida, kwa sababu mabunda ya noti yalifungwa kwa pini. Hupunguza daraja kidogo, havimkimbizi mnunuzi. Kinachokimbiza ni kona iliyokatika, kutu iliyokula karatasi, kipande kilichozibwa kwa karatasi nyingine na kupakwa rangi, na ule ulaini wa noti iliyooshwa.

Kampuni za kupima ubora hutumia kipimo cha 1 hadi 70. Kuituma noti kwao kuna gharama za upimaji, posta na bima. Noti ya kawaida haistahili; noti ambayo mnada umekubali kuipokea, inastahili.

Hatua ya 6: Bei

Tafuta bei zilizolipwa, achana na bei zinazoombwa. Mtu anaweza kuweka tangazo la dola 10,000 kwa noti ya migomba na likae hapo miaka mitano. Nyumba za minada huweka kumbukumbu za mauzo yaliyopita zikiwa wazi. Tafuta benki ileile, mji uleule, tarehe ileile na hali inayolingana na ya kwako. Kisha kumbuka kwamba bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho inayotangazwa mnadani, siyo unayopata mkononi: mnada hukata kamisheni yake kwa muuzaji, na humtoza mnunuzi nyongeza juu.

Historia ikithibitika, huongeza bei. Meli ya SS Shirala ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani tarehe 2 Julai 1918 ikiwa njiani kutoka London kwenda Bombay, ikiwa na shehena ya noti za India. Mabunda yalielea hadi ufukweni. Serikali ilikusanya na kuteketeza nyingi, chache zikabaki kwa watu. Mwezi Mei 2024 mnada wa Noonans, London, uliuza noti mbili za rupia 10 za meli hiyo, zenye tarehe 25 Mei 1918, zilizokuwa zimekadiriwa kati ya pauni 2,000 na 2,600. Kinachobeba bei hiyo ni namba zinazozifunga na shehena ile. "Babu aliniambia imetoka melini" haitoshi.

Hatua ya 7: Kuuza bila kutapeliwa

Utapeli wa fani hii una sura moja. Mtu anakupigia, anasema ana mnunuzi wa mamilioni kutoka Dubai au India, anachohitaji ni wewe utangulize ada ya usajili, ya cheti au ya forodha. Reserve Bank of India ilitoa onyo hadharani mwaka 2021 kwamba matapeli wanatumia jina lake kuwatoza watu kamisheni kwenye noti na sarafu za zamani, na kwamba yenyewe haijihusishi na biashara hiyo. Matapeli hawa ni jamaa walewale wa porojo za mali aliyoifukia Mjerumani. Mnunuzi wa kweli hakutozi kitu ili anunue noti yako.

Piga picha pande mbili, moja kwa moja kutoka juu, kwa mwanga wa mchana, na rula pembeni. Tuma kwa nyumba mbili au tatu za minada zenye idara ya noti. Ukaguzi wa picha kwa kawaida ni bure. Uliza kamisheni ni asilimia ngapi, picha ya katalogi inalipiwa na nani, bima inaanza lini, na noti isipouzwa nani atalipa kuirudisha. Uliza pia sheria ya nchi ilipo noti kuhusu kusafirisha vitu vya kale, hasa ikiwa iko India, kabla hujaitia kwenye bahasha.

Wakati unasubiri majibu, iweke kwenye mfuko wa plastiki ngumu ya poliesta, siyo ile laini yenye harufu ya vinili ambayo hutoa mafuta kadiri miaka inavyopita. Iwe bapa, katikati ya kadibodi mbili safi. Kwa sisi wa pwani adui ni unyevunyevu: kabati la ukuta wa ndani ni bora kuliko la ukuta unaopigwa na upepo wa bahari, na kifuko cha dawa ya kunyonya unyevu kibadilishwe kila masika yanapoanza.